Meli ya dhahabu na fundi visima wa Moshi

Kazi yangu ni visima vya mkono, vile vya kushusha makaravati, yaani pete kubwa za zege, na eneo langu ni tambarare ya Moshi: Mabogini, Chekereni, Kahe, na upande wa pili makorongo yanayoelekea Sanya na uwanja wa ndege wa KIA. Bahari naiona nikienda Tanga kwenye harusi. Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia kutoka Arusha akisema kuna kikundi kinataka kutoa meli ya hazina iliyofukiwa na mchanga huko Pwani, na wanahitaji "mtu wa kuchimba" awasomee makaratasi, nilijua ananitania.

"Mangi, sikutanii. Njoo Jumamosi. Nauli juu yangu, nyama juu yao."

Nikaenda. Walikuwa watu wa madini, wengi wao mabroka wa tanzanite, na wawili waliowahi kuwa wanaapolo, wachimbaji wa shimoni, kwenye migodi ya Mirerani kabla mambo hayajawanyookea. Aliyekiitisha kikao alikuwa broka mmoja wa makamo ambaye wote walimwita Bosi. Andiko lao lilikuwa zuri kwa macho: picha za sarafu, picha ya mzamiaji kashika kitofali cha dhahabu, ramani yenye msalaba mwekundu. Nyuma yake bajeti: boti ya kukodi, wazamiaji, mitungi ya hewa, chakula, pampu ya kunyonya. Muda, miezi sita. Mchanga ulikuwa na mstari wake mmoja tu, "kuondoa mchanga", na fedha iliyoandikwa pale kwangu inashusha kisima kimoja cha kina cha kawaida na chenji inabaki kidogo.

Nikauliza: "Mkishachimba siku ya kwanza mkafika chini, usiku nani anabaki na shimo?"

Bosi akajibu bila kusita kwamba walinzi watakuwepo, wenye silaha, hilo nisiwe na wasiwasi nalo.

Sikuwa naulizia wezi.

Hapo ndipo nilipoelewa tunazungumza kutoka ardhi mbili tofauti. Mtu wa Mirerani kajifunza kuchimba kwenye mwamba. Unapiga baruti, unatoa kifusi, unasogea mita moja. Fedha ikikata, unafunga mgodi unarudi nyumbani, unatafuta mfadhili mwingine. Ukirudi baada ya miezi unakuta uso wa mwamba uko pale ulipouacha. Unaweza ukakuta maji, ukakuta jirani katoboa akaingia kwako, lakini ile mita uliyoilipia bado ni mita yako. Ndiyo maana watu wale wana subira ya ajabu. Wamezoea kwamba kila shilingi iliyoshuka shimoni inakaa shimoni ikiwasubiri.

Kwenye mchanga wenye maji haikai. Kazi ya leo ukiilalia, kesho unailipia upya, na keshokutwa tena. Wenzangu kazini hawahitaji kuambiwa hili, lakini pale mezani nililazimika kulieleza kwa mfano wa kisima nilichokuwa nacho wakati huohuo, kwenye korongo moja chini ya Bomang'ombe.

Tunachofanya ni hivi. Unaweka karavati la kwanza juu ya ardhi, lile lenye makali chini. Fundi anaingia ndani anachimba chini ya makali, karavati linashuka kwa uzito wake, unapandisha jingine juu, unaziba maungio, unaendelea. Mpaka usawa wa maji hakuna shida. Ukishavuka maji kwenye mchanga mwembamba, mambo yanageuka. Ukiwasha pampu ukakausha ndani, maji ya nje yaliyo juu zaidi yanasukuma kuingia kupitia chini, na yanakuja na mchanga. Unauona kwa macho: katikati ya sakafu panaanza kufurukuta, panavimba, mchanga unachemka kama uji kwenye sufuria. Unatoa ndoo ishirini, sakafu imeshuka kiganja kimoja. Unazima pampu mkale chakula, mkirudi sakafu imepanda kuliko mlivyoianza asubuhi. Na ule mchanga umetoka mahali fulani, umetoka nje ya makaravati, kwa hiyo ardhi ya juu inaanza kupasuka, na makaravati yanalala upande. Ukiona hivyo unaacha maji yajae ndani, unachimba ndani ya maji kwa kupapasa, polepole. Hakuna njia ya mkato.

Kwenye kisima kile kijana wangu aliangusha spana, spana kubwa ya pampu, wakati mchanga ukichemka. Upana wa ndani hauzidi mita moja. Tulizima pampu, tukaingia kwa zamu, tukapapasa kila pembe mpaka mabegani. Haikuonekana. Chuma kizito kwenye mchanga ulio hai hakikai juu kikusubiri, kinazama mpaka kikutane na tabaka gumu, na tabaka gumu pale lilikuwa bado chini sana. Mmoja wa wale waliokuwa wanaapolo akaacha kutafuna. "Na dhahabu ni nzito kuliko chuma," akasema.

Zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule.

Shemeji alinirudisha stendi akiwa amenuna kidogo, nadhani alitaka niwape moyo. Lakini yule Bosi, namsifu kwa hilo, aliniomba nikasome zaidi nirudi. Hakutaka maneno ya kisima peke yake. Alitaka kujua waliowahi kufanya kazi hiyo baharini ilikuwaje kwao. Nikakaa na simu yangu jioni nyingi, mke wangu akilalamika bando linaisha kwa meli.

Meli iliyonishika zaidi inaitwa Lutine. Ilijengwa Toulon, Ufaransa, ikashushwa majini mwaka 1779. Mwaka 1793 Wafaransa waliokuwa upande wa mfalme wakaikabidhi kwa Waingereza, ikawa manowari yao. Oktoba 1799 ikapakia dhahabu na fedha, thamani yake inatajwa kuwa karibu pauni milioni 1.2 za wakati ule, kuvuka Bahari ya Kaskazini kupeleka kwa mabenki ya Hamburg yaliyokuwa yanayumba. Usiku wa tarehe 9 dhoruba ikaisukuma kwenye mafungu ya mchanga kati ya visiwa vya Vlieland na Terschelling, Uholanzi. Watu karibu 240 wakafa. Watoa bima wa Lloyd's wa London wakalipa fidia yote.

Sasa angalia kilichofuata. Mahali palijulikana, na hapakuwa na fumbo la ramani yenye msalaba. Wavuvi wa visiwa vile waliiona meli, na serikali ya Uholanzi, iliyokuwa vitani na Uingereza ikaihesabu meli ile kuwa nyara, ikawaruhusu kutoa mali kwa makubaliano ya kubakiwa na theluthi. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi wakatoa vitofali 58 vya dhahabu, vitofali 35 vya fedha na maelfu ya sarafu. Kisha mchanga ukafunika. Kufikia mwaka 1804 kazi ikaachwa. Dhahabu ilikuwa imepakiwa kwenye mapipa hafifu, yenye pete nyembamba za chuma ambazo maji ya chumvi hayakuchukua muda kuzila, kwa hiyo hata kile kilichokuwa fungu moja kikaanza kutawanyika chini ya mchanga.

Wakakaa. Walijaribu hapa na pale, wakaambulia sarafu chache. Halafu mwaka 1857 mkondo wa bahari ukahama wenyewe, ukapita moja kwa moja juu ya meli, ukaifukua. Bahari iliamua tu, hapakuwa na pampu ya mtu wala akili ya mtu. Wazamiaji wakarudi mbio, wakatoa vitofali 41 vya dhahabu na 64 vya fedha, na mwaka 1858 wakaitoa kengele ya meli, ambayo mpaka leo imetundikwa kwenye ukumbi wa Lloyd's. Zamani iligongwa mara moja meli ikipotea, mara mbili meli iliyochelewa ikirudi. Baada ya miaka michache mchanga ukarudi. Kilichobaki kikafunikwa tena.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Waliofanikiwa, mara zote mbili, walifanikiwa wakati mchanga ulipokuwa haupo.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonigusa kama fundi, kwa sababu watu walijaribu kufanya kile ninachofanya mimi. Miaka ya 1930 walitengeneza mnara wa chuma wa kushushwa baharini mpaka kwenye sakafu, watu wachimbe ndani yake. Hilo ni karavati, karavati kubwa la chuma, baharini! Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu safarini. Na matatizo yao yalikuwa yaleyale: mchanga uliorudi, na juu yake dhoruba, kitu ambacho mimi korongoni sinacho. Hazina hawakuipata. Kisha mwaka 1938 wakaleta Karimata, mtambo mkubwa mpya wa kuchotea madini ya bati, ulioundwa kwenda kufanya kazi kwenye visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Fikiria mashine ya tani maelfu, yenye mnyororo wa ndoo za chuma usiosimama. Walichota mchanga majira mazima ya kiangazi. Wakapata misumari, mizinga, vipande vya meli, sarafu kadhaa, na kitofali kimoja cha dhahabu.

Kimoja.

Niliporudi Arusha kwa kikao cha pili nilianza na Karimata, kwa sababu nilijua kuna mtu atasema "tatizo ni mashine ndogo". Na kweli alikuwepo. Nikachukua kalamu nikamchorea hesabu ambayo huwa nawachorea wateja wanaotaka shimo la wazi badala ya makaravati. Mchanga ulio chini ya maji hausimami wima. Unalala kwenye mteremko wa nyuzi kama 30. Ukitaka shimo la kina cha mita 6, linakutaka uende karibu mita 10 kila upande, yaani mdomo wa shimo una upana wa mita 20. Ujazo wake unavuka mita za ujazo 600. Lori la tani saba la hapa kwetu litapiga safari zaidi ya 130 kuutoa. Sasa kama hazina iko mita 12, wengi wanadhani kazi ni mara mbili. Ni mara nane, kwa sababu shimo linapanuka pande zote linaposhuka. Na hapo nimehesabu maji yaliyotulia, yasiyo na mkondo wala wimbi. Wimbi likiwepo mteremko unalala zaidi, na mkondo unapita kila saa ukimwaga mchanga mwingine kwenye shimo lako bure.

Bosi akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akanyanyua mkono. Nilikuwa nimemwamkia nilipoingia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mwanangu, unatukatisha tamaa. Mbona Liemba waliitoa?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Meli ile, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, Julai 1916, adui asiichukue. Nikamwambia: "Mzee, tazama waliizamishaje." Walipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Wakaijaza mchanga wao wenyewe, wakaishusha kwa utaratibu mahali wanapopajua. Waliizamisha kwa nia ya kuirudia. Ziwani hakuna maji kupwa na kujaa. Na kilichotakiwa ni meli nzima, kitu kimoja kikubwa, siyo sarafu elfu zilizotawanyika. Pamoja na yote hayo, Wabelgiji walipoiinua baada ya vita ikazama tena Kigoma, na Waingereza wakaja kuitoa mwaka 1924. Ilianza safari kwa jina la Liemba mwaka 1927. Mzee akatikisa kichwa. "Kwa hiyo aliyezamisha alikuwa fundi," akasema. Sikuwa nimelitazama hivyo, lakini ndivyo.

Andiko la Bosi lilikuwa limejengwa juu ya Atocha, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu Atocha ndiyo habari njema ya biashara hii. Meli ya Hispania, ilizama kwa kimbunga Septemba 1622 karibu na visiwa vya Florida ikiwa na watu 265, wakapona watano walioshikilia mlingoti. Mwanzoni Wahispania waliiona, mlingoti umechomoza juu ya maji. Kabla hawajarudi na vifaa, kimbunga cha pili kikapita Oktoba ya mwaka uleule, kikaipasua na kuitawanya. Wakaitafuta miaka mingi wakaambulia mali ya meli mwenzake, Margarita. Mwaka 1985, tarehe 20 Julai, watu wa Mel Fisher, Mmarekani aliyewahi kufuga kuku kabla ya kuanza kuzamia, wakalikuta rundo lenyewe la vitofali vya fedha.

Picha ile ya 1985 ndiyo iliyokuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko. Ambacho hakikuwepo ni kwamba Fisher alianza kuitafuta mwaka 1969. Miaka 16. Vipande vilikuwa vimetapakaa kwenye mstari wa maili kadhaa, kupitia eneo ambalo mabaharia wa kule wanaliita kwa jina la mchanga unaomeza. Julai 1975 mwanawe Dirk alikuta mizinga ya shaba ya meli, wakashangilia. Siku chache baadaye, tarehe 20, boti yao ilipinduka usiku, Dirk, mkewe Angel na mzamiaji mwenzao wakafa. Alipoambiwa hayo shemeji yangu, ambaye alishawaza kumpeleka mtoto wake wa kiume akasimamie boti, alinyamaza kwa muda mrefu.

Kuna kitu kimoja kwa Fisher nilikipenda mno, na wenye kupenda vyuma watanielewa. Walitengeneza mabomba makubwa yaliyopinda kama kiwiko, wakayafunga nyuma ya boti, pale rafadha inapotupia maji. Boti inafungwa kwa nanga pande zote isisogee, injini inawashwa, rafadha badala ya kusukuma maji nyuma inayasukuma chini kupitia kiwiko. Nia ya kwanza ilikuwa kupeleka maji safi ya juu kule chini ili mzamiaji aone. Wakagundua kwamba maji yale yanatoboa shimo kwenye mchanga kwa dakika chache. Ni ufundi wa mtu asiye na fedha. Lakini lile ni shimo la kuchungulia: unatoboa, mzamiaji anashuka anatazama haraka, hakuna kitu, unasogeza nanga, unatoboa jingine. Na wataalamu wa mambo ya kale wanaichukia njia hiyo, kwa sababu maji yale yanapeperusha vitu vyepesi na kuvuruga mpangilio ambao wao wanausoma. Nadhani wana haki. Mimi nikikuta vigae vya zamani kisimani, nilichowahi kukuta korongoni, nikiviacha palepale mtu mwenye elimu anaweza kusema kitu. Nikivitupa juu ya kifusi, ni vigae tu.

Suala la sheria nililipitia kwa kifupi, ingawa kwenye kikao ndilo lililozua kelele. Wao walidhani ukikiokota chini ya bahari ni chako. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa kuwa cha kale, na huchimbi kukitafuta bila leseni. Hata Fisher, kwao Marekani, alibishana na jimbo la Florida miaka mingi, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabla hata hajalipata rundo kubwa. Kwenye bajeti ya Bosi palikuwa na "kibali", hakukuwa na wakili.

Na hakukuwa na dawa. Hilo neno nililitumia mimi, kwa kukosa jingine. Dhahabu ukiitoa baharini inang'aa kama jana. Nyingine zote zinaumwa. Fedha inakuwa nyeusi na kushikamana sarafu kwa sarafu. Chuma kinavaa ganda la mawe, ndani kimeoza. Mbao ndiyo mbaya kuliko zote: imejaa maji, yakikauka inajikunja na kupasuka. Waswidi walipoiinua meli yao Vasa mwaka 1961, iliyozama 1628, waliinyunyizia dawa ya nta kwa miaka 17 kabla ya kuiacha ikauke. Ninao mfano mdogo nyumbani: bomba la pampu nililolitoa kwenye kisima cha zamani likiwa zima, nikaliegemeza ukutani, baada ya muda likaanza kuachia maganda. Mombasa pale, chini ya Ngome ya Yesu, kuna meli ya Wareno iliyozama 1697 wakati ngome imezingirwa, Santo António de Tanná. Kuanzia 1977 hadi 1980 wazamiaji wa utafiti waliichimba kwa utaratibu, kwa kupima na kuchora, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ya ngome. Meli yenyewe waliiacha chini. Nikawauliza wale wa Arusha kama wangekubali mradi wa aina hiyo, wa kujua badala ya kuuza. Mmoja akajibu kwa heshima kwamba yeye ana ada za shule.

"Sasa fundi," Bosi akasema mwishoni, "ungekuwa wewe, ungeanzaje?"

Nilimwambia nisingekodi boti ya kuchimba. Korongoni sichimbi kabla ya kujua maji yanapanda na kushuka vipi kiangazi na masika. Nikimkuta mama anayeteka pale tangu utotoni namuuliza kabla ya kushusha hata jembe. Baharini ningefanya hivyohivyo. Ningetafuta mvuvi wa pale, nimlipe kila mwezi ashushe timazi kwenye alama zilezile, aandike kina. Majira ya kaskazi, majira ya kusi, na yale ya katikati bahari inapotulia. Mwaka mzima, ikiwezekana miwili. Kwa mwaka huo ungejua fungu lile linakwenda wapi, unene wa mchanga unaongezeka au unapungua, na kama kuna wiki ambazo bahari yenyewe inakufanyia kazi. Ni fedha ndogo kuliko chakula cha wazamiaji kwa wiki mbili. Tena nikasisitiza alama ziwe za uhakika, zisiwe maboya, kwa sababu boya nalo linahama.

Kikundi kiligawanyika. Wengi, shemeji yangu akiwemo, walijitoa wakachukua fedha zao; wawili wakazirudisha Mirerani kwenye mwamba wanaoujua. Bosi na yule mzee walibaki. Walimpata mvuvi, na wamekuwa wakinitumia namba zake kwenye simu, mimi nazichora kwenye daftari la kisima, mstari mmoja kwa kila alama.

Juzi Bosi alinipigia nikiwa Kahe, pampu inanguruma, ikabidi nisogee mbali.

"Fundi, msalaba wetu umeota mlima. Mchanga umepanda zaidi ya mita moja tangu kusi ianze."

"Na alama ya upande wa pili?"

"Ile imeshuka. Karibu kiasi hichohicho."

"Basi fungu linatembea. Linakuja juu yenu."

"Likishapita?"

Nikamwambia kule Uholanzi lilichukua zaidi ya miaka hamsini kupita. Akacheka, akaniuliza kama mvuvi amuongezee mkataba au la. Nikamshauri amuongezee mpaka kaskazi iishe, na amwambie aongeze alama mbili upande wa bahari kuu, kwa sababu huko ndiko fungu lilikotokea na bado hatuna namba hata moja ya huko.